Kilonzo Alinenepa Wakati wa Njaa

Kyuso, Jumapili, saa tisa alasiri

Mwende, binti yangu,

Nimefunga hoteli mapema leo. Wateja wawili wamegonga mlango wakaondoka wakilalamika, na mimi nimenyamaza humu ndani kama mwizi. Wewe na mama yako mmeenda kumuaga susu yako, mama yangu, kwa hivyo nyumba ni yangu mpaka mrudi. Nimekaa kwenye ile meza ya pembeni uliyokuwa ukifanyia kazi za shule, na ninaandika kwenye daftari lako la Jiografia ambalo hukulimaliza. Barua hii nitaiweka ndani ya begi, chini ya viatu, uisome ukiwa umeshafika chuoni kule mji wa Wote. Nikikwambia haya ana kwa ana utanikatiza, nami nitapandisha sauti, halafu mama yako ataingia kutuamua, na nitakuwa nimeshindwa kusema tena.

Sitakuambia ufunge mlango wa chumba, wala usimwazime mtu simu, wala usikose kanisani. Hayo mama yako ameyasema tangu mwezi uliopita na bado anayasema huko njiani, nina hakika.

Mimi nina hasira. Nimeanza barua hii mara mbili kwa upole na upole umenishinda, kwa hivyo acha niandike nilivyo.

Alhamisi ulikuwa nyuma ya jikoni unaanika nguo, unaongea kwa simu na Ndanu, binti ya shangazi yako, ambaye ameshakaa mwaka mzima katika hicho chuo. Nilikuwa dirishani na sufuria ya ndengu mkononi. Sikuwa nakuchunguza, lakini nilisikia. Ulimwambia, "Zii, mimi sisemi kitu huko. Wakipika chapo nitakula kidogo tu kama wengine. Sitaki kuitwa yule wa magonjwa. Tembe si ninazo?"

Nilitaka kutoka nikugombeze hapo hapo. Mkono ulikuwa tayari kwenye mlango. Halafu nikajiuliza, huyu mtoto amejifunza wapi kuficha? Jibu nikalipata nikiwa bado nimesimama, na ndengu zikaungua, ndiyo maana wateja wa Alhamisi walikula maharagwe. Umejifunza kwangu. Na siku tatu kabla ya simu hiyo ulikuwa umenifumania nikifanya jambo ambalo nitalieleza hapa chini, kwa sababu nilikuacha ulielewe vibaya.

Lakini kwanza niwagombeze wengine. Nimengoja miaka mingi.

Ulikuwa darasa la sita vile vipele vilipoanza. Vidogo, vyenye maji ndani, kwenye viwiko vyote viwili, halafu magotini, halafu kwenye makalio, kulia na kushoto sawasawa kana kwamba kuna mtu alipima. Tulikupeleka kwenye zahanati. Yule bwana hata hakukugusa. Alikutazama akiwa ng'ambo ya meza akasema, "Huyu ako na upele. Shida ni usafi. Muoge, mfue blanketi." Mama yako, ambaye anachota maji kwenye kisima cha mbali na punda, katika nchi hii ambayo mvua inakuja kama mgeni asiyependa kukaa, akachemsha blanketi za nyumba nzima kila wiki mpaka mikono ikapasuka. Alikuwa akichemsha huku analia kimya kimya kwa aibu. Mama yako hajawahi kuwa mchafu hata siku moja maishani mwake. Yule bwana bado yuko, tunasalimiana, na kila nikimsalimia nasikia ladha chungu mdomoni.

Kisha bweni. Ulikuwa kidato cha kwanza, na mlezi wa bweni akatoa godoro lako nje akaliweka kwenye stoo ya kuni, nawe ukalala huko karibu muhula mzima bila kutuambia. Nilipoitwa aliniambia kwa sauti ya upole sana, "Baba Mwende, si mimi. Ni wazazi wengine wanaongea." Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia asante. Mwanangu amelala na kuni, nami nasema asante. Mpaka leo sijui nilikuwa nashukuru nini.

Unaona, kila nikianza kuwagombeza wengine najikuta nimefika kwangu. Basi nifike.

Nilikuchapa kwa sababu ya kujikuna. Pengine unaikumbuka, ama umeisahau; mimi siwezi kuisahau. Ilikuwa siku ya soko, hoteli imejaa, nawe umekaa karibu na mlango unajikuna viwiko mpaka damu. Mteja mmoja akasukuma sahani yake akaondoka. Nilikuja na ule mti wa kusukumia chapati nikakupiga vidoleni, mara moja, kwa nguvu. Ulilia. Kisha roho ikanisuta, na mimi ni mtu wa hoteli, kubembeleza kwangu ni kwa chakula. Nikakupa chapati moto iliyotoka kwenye kikaango muda huo huo, nikakunja sukari ndani. Ukanyamaza, ukala yote. Fikiria hapo, Mwende. Nilikupiga kwa kujikuna, halafu nikakupa kile kile kilichokuwa kinakuwasha. Na nilijiona baba mzuri.

Sasa nikwambie habari za Kilonzo. Unajua tu kwamba nilikuwa na mdogo wangu aliyekufa kabla wewe hujazaliwa. Picha yake haiko ukutani. Niliitoa mimi.

Tulikulia Tseikuru, kwa mbuzi na ng'ombe wachache. Kilonzo alikuwa na tumbo kubwa na miguu myembamba, na tumbo lenyewe halikutulia; kila saa yuko kichakani. Tulimcheka, mimi nikiwa wa kwanza, kwa sababu ndugu mkubwa ndiye huwafundisha wengine cha kucheka. Baba yetu alikuwa na kazi ya kibarua barabarani, na kila mwisho wa wiki alileta mkate. Mkate ndio uliokuwa heshima ya nyumba. Na kwa kuwa Kilonzo alikuwa dhaifu, yeye ndiye aliyepewa vipande vingi ili apate nguvu.

Kisha ikaja njaa. Mvua zilikosa, kibarua kikaisha, duka halikuwa na mkate wala unga wa ngano. Tulikula mtama na mawele yaliyobaki ghalani, na baadaye mahindi ya msaada. Watoto wote wa kule walikonda. Kilonzo akanenepa. Si utani, alinenepa, tumbo likarudi ndani, akaanza kukimbiza mbuzi pamoja nasi. Watu wakamsema susu yako kwamba anaficha chakula, na mpaka kwa chifu aliitwa. Mwanamke anaulizwa mbele ya watu kwa nini mtoto wake ana afya. Mvua zikarudi, kibarua kikarudi, mkate ukarudi, na Kilonzo akarudi kichakani. Jambo lilikuwa mbele ya macho yetu, wazi kama jua la Januari, na sisi tukalifanya kichekesho. Tulikuwa tunasema, "Kilonzo anapendwa na njaa."

Alipokuwa mkubwa akapata kazi dukani, mjini Mwingi. Kijana anayeishi peke yake hula nini? Chai na mkate asubuhi, chai na mkate usiku. Alikonda mpaka mshipi ukawa unamzunguka mara mbili. Akalazwa. Walimpima kifua kikuu, hana. Wakampima ule ugonjwa mwingine ambao watu hawapendi kuutaja, hana. Majibu niliyashika kwa mkono wangu nikayasoma. Lakini ni nani anayeamini karatasi kuliko macho? Walimwona mwembamba, wakaamua.

Na unajua desturi yetu. Mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Anatembelewa na mkate na maziwa. Kila aliyekuja alikuja na mkate. Ilijaa pale kando ya kitanda mpaka muuguzi akatuuliza kama tumefungua duka. Mimi ndiye niliyekuwa nailoweka kwenye chai, nikimlisha kwa kijiko, kipande baada ya kipande, namwambia, "Kula, Kilonzo, upate nguvu." Alikuwa hataki. Nilimlazimisha kwa upendo wote nilionao.

Tulipomzika, watu walikuwa wakiongea hata kabla ya udongo kukauka. Nami, kaka mkubwa, badala ya kusimama niseme majibu niliyoyasoma, niliona njia rahisi ni kutomtaja tena. Nikatoa picha. Susu yako aliniuliza iko wapi nikamwambia kioo kimevunjika. Miaka yote ile jina lake halikutajwa katika nyumba hii kwa sababu mimi nilikuwa naogopa midomo ya watu wanaokuja kula kwangu.

Sasa rudi kwenye ile siku ya hospitali, ukiwa kidato cha kwanza, baada ya mambo ya godoro. Yule daktari mzee hakuwa mjinga. Alikutazama viwiko, akatazama magoti, akafikiri, kisha akaniuliza, "Mzee, kwenu kuna mtu amewahi kuwa na shida ya tumbo ya muda mrefu? Kuhara, kukonda, damu kupungua?"

Nikasema, "Hakuna. Sisi ni watu wa afya."

Ulikuwa umekaa kwenye kile kiti kirefu, miguu haifiki chini. Uliniangalia. Sidhani ulijua lolote, lakini uliniangalia. Daktari akaandika "hakuna" kwenye faili, akatoa mafuta ya kupaka, tukaenda. Pengine hata ningesema asingegundua. Najiambia hivyo siku nyingine. Lakini alikuwa ameuliza swali lenyewe, mwanangu, lile lile hasa, na mimi nikamfungia mlango usoni. Neno hilo moja lilikaa kwenye faili yako miaka miwili, na kila daktari aliyefuata alilisoma akapita.

Mmoja wao, mkubwa kabisa, mwenye miwani, tulipomwambia kwamba tumesikia kuna ugonjwa unaoletwa na ngano, alicheka. Akasema, "Hiyo ni magonjwa ya wazungu. Mkamba na ngano, wapi na wapi?" Niliangalia mikono yangu. Nilikuwa nimetoka jikoni moja kwa moja na unga ulikuwa umeganda kwenye vinyweleo mpaka kiwikoni. Mkamba na ngano wapi na wapi, anauliza mtu mwenye mabaki ya mandazi kwenye sahani mezani pake. Harusi ni chapati, matanga ni mkate, Krismasi ni chapati tena mpaka watoto waumwe. Mtama ambao babu zetu walikula ndio tumeuita chakula cha njaa. Halafu ugonjwa ukija na hiyo heshima yetu tunaambiwa si wetu. Nilitoka pale bila kusema kwaheri, na hiyo ndiyo hasira yangu ya pekee ambayo sijaijutia.

Yule daktari msichana, wa kliniki ya ngozi, tulimpata kwa bahati. Mama yako alikuwa na matanga kwao, kwa hivyo susu yako ndiye aliyetusindikiza. Daktari akauliza swali lile lile. Nikafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, nililizoea. Na susu yako, ambaye nilidhani amesinzia, akasema kwa Kikamba bila hata kufungua macho vizuri, "Na Kilonzo? Kilonzo alikuwa wa nani?"

Daktari alikuwa Mkamba kama sisi. Alisikia. Akaweka kalamu chini akamgeukia susu yako, na bibi yule akamwaga yote, tumbo, mkate, njaa, chifu, kitanda cha hospitali. Mimi nilikuwa nakagua kofia yangu. Daktari akachukua kipande kidogo cha ngozi kando ya kile kipele, kikapelekwa Nairobi, na majibu yaliporudi alituita wote watatu.

Ulikuwapo, lakini ulikuwa na miaka kumi na sita na ulikuwa unatazama dirishani, kwa hivyo nikukumbushe alivyosema, maana mimi nililishika kila neno. Alisema ni ugonjwa wa ngozi unaoletwa na ngano, na kwamba huo na ule wa tumbo ni watoto wa mama mmoja. Katika damu ya ukoo kuna kitu kinarithiwa, alisema, kama kurithi kiberiti. Watu wengi sana wana hicho kiberiti mfukoni na hakichomi chochote mpaka wanazeeka. Lakini kwa wengine ngano inakiwasha. Ndugu mmoja moto unashika tumboni, anakonda na kuhara. Ndugu mwingine, kiberiti kile kile, unatokea kwenye ngozi. Na huyu wa ngozi asijidanganye, maana mara nyingi tumbo lake nalo linaungua chini chini bila kumwambia.

"Hii si uchafu," alisema. "Si laana, si zinaa. Hakuna mtu mlimkosea."

Susu yako akauliza, "Kwa hivyo Kilonzo wangu ni ule mkate?" Daktari alisema hawezi kujua, aliyezikwa hapimwi. Lakini alivyosema alimshika mkono, na susu yako si mtoto. Mimi nilitoka nje. Ulidhani nimeenda kujisaidia. Nilienda kusimama nyuma ya gari la wagonjwa nikalia, kwa sababu kile kijiko nilikuwa nimekishika mimi.

Ungetarajia basi kwamba baada ya hapo nilinyooka. Hapana. Siku ya soko nilienda kuchukua tembe zako kwenye duka la dawa, na yule kijana akaigeuza karatasi akasema kwa sauti, watu wamejaa nyuma yangu, "Hii si dawa ya ukoma? Nani ako na ukoma huko kwenu?" Ningeweza kumweleza kwamba dawa moja inaweza kutibu vitu viwili, na kwamba huyu mgonjwa si mkoma, na hata angekuwa mkoma haikuwa shughuli yake kutangaza. Nilisema, "Sijui, nimetumwa na jirani."

Na kanisani. Mimi ndiye niliyebeba sinia la mkate wa Meza ya Bwana, mzee wa kanisa mwenye tai. Nilipofika kwako ulitikisa kichwa nikapita. Wiki moja, miezi, mwaka. Nikasikia wamama wakisema Mwende ana dhambi anaificha, ndiyo maana hakaribii meza. Nilijua kwa nini hukaribii. Neno moja kutoka kwangu lingetosha, nimesimama pale mbele na sinia. Wewe ndiye uliyesimama mwenyewe, siku ya vijana, ukawaeleza. Nilijivunia wewe mpaka nikaona haya. Ndiyo maana Alhamisi niliposikia unasema hutasema kitu, nilihisi kama nimeibiwa.

Kuna moja bado, na hii huijui. Mama yako pia haijui.

Siku matokeo yako ya kidato cha nne yalipotoka, nilipika. Uliniona tangu asubuhi. Wageni walipata chapati zao za kawaida, na zako nilitaka ziwe za mtama, nzuri kama zao, usikae na sahani ya aibu siku yako. Lakini unga wa mtama hauna mvuto. Nilisukuma ikapasuka. Nikakanda tena, ikapasuka. Mimi, ambaye watu wanatoka Tseikuru kuja kula chapati zangu, nasukuma kitu kinachovunjika kama ukuta wa zamani, na wageni wako nje wanacheka na kuimba. Nikachota konzi moja ya ngano nikachanganya. Moja tu. Ikashikana, ikazunguka vizuri, nikaigeuza hewani kama ninavyofanya siku za soko. Ulipoikunja ukasema, "Baba, leo zimeshikana." Nilifurahi sana, Mungu anisamehe.

Kabla ya wiki kuisha viwiko vilikuwa vimelipuka. Magoti, kichwani ndani ya nywele. Hulali. Daktari akaongeza tembe, akakuuliza umekula nini, nawe ukahesabu kila kitu ukashindwa. Ukaanza kushuku kikombe chako, ukakitupa. Ukashuku sahani. Ukamgombeza mdogo wako Musyoki kwamba ameshika vitu vyako na mikono ya biskuti, na mtoto akalia anakana, na alikuwa anasema kweli. Nami niko pale, nasikia. Ni mimi, Mwende. Ilikuwa konzi yangu, kwa sababu ya kiburi cha mpishi. Nilikuona unateseka kwa siku nyingi kuliko ninavyoweza kuandika, na sikusema, kwa sababu nilidhani ukijua hutakula tena mkononi mwangu.

Baadaye ndipo nilipogundua kwamba unga wa mtama unataka maji yanayochemka. Unaupika kidogo kwanza, kisha unaukanda ungali moto unaunguza, na haupasuki. Ulikuwa hautaki ngano. Ulikuwa unataka subira, na siku ile sikuwa nayo.

Sasa nifike kwenye Jumatatu.

Ulipopimwa, daktari alisema ndugu wote wa karibu wapimwe, kwa sababu ya kile kiberiti. Mama yako akapimwa, Musyoki akapimwa, wako sawa kwa sasa. Mimi nilisema nina kazi. Nimesema nina kazi kwa miaka mitatu. Unajua ninavyochoka, ninavyoshika ukuta nikisimama ghafla. Mwaka jana waliniambia damu yangu iko chini, nikanywa vidonge vya damu, haikupanda. Nilijua swali linalofuata nikalikimbia. Mpika chapati wa Kyuso anaambiwa asiguse ngano, si ni kama kumwambia mchungaji asiguse Biblia? Niliogopa jina langu lililo juu ya mlango wa hoteli.

Mwezi uliopita nilienda kwa yule daktari msichana peke yangu. Nikamwambia nipime. Akaniuliza kama ninakula ngano. Nikajibu kwa fahari kwamba tangu binti yangu agunduliwe, sisi nyumbani hatuli, nami hata hotelini nimeacha. Akasema hapo ndipo penye shida, kwa sababu mtu aliyeacha ngano damu yake inaweza kusema hana kitu na kumbe anacho. Nirudi kula kila siku, kwa wiki kadhaa, ndipo achukue damu. Akarudia mara mbili, "Usiache kabla ya kipimo."

Kwa hivyo nimekuwa nikila. Kila siku, nyuma ya magunia, kama mtoto anayeiba sukari. Na kila siku tumbo linanijibu, lakini hilo tuliache. Jumatatu ukaingia kutafuta kamba ya kufungia begi ukanikuta na chapati mdomoni. Mimi niliyeapa mbele yenu wote kwamba hutakuwa peke yako. Hukupiga kelele. Ulisema, "Kumbe ni mimi peke yangu," ukachukua kamba ukaenda.

Ningekueleza pale pale. Nilikaa kimya, kwa sababu kukueleza kungekuwa ni kukiri kwamba huenda hiki kitu kilipita kwangu kuja kwako, kutoka ukoo ule ule uliompata Kilonzo. Siku tatu baadaye ukamwambia Ndanu utakula kama wengine. Unaona jinsi kimya changu kinavyofanya kazi? Kilianza kwa picha ukutani, kikaja kwenye faili, kikafika kwenye konzi ya unga, na sasa kinataka kukusindikiza Wote.

Mimi nakataa. Nimewakasirikia wote niliowataja, na nitaendelea, lakini hakuna aliyekudhuru kwa kunyamaza kama mimi. Ukifika katika hicho chuo na mpishi akakuuliza mbona unapita chapati, usinong'one. Mwambie. Akikuuliza mara ya pili mwambie mara ya pili kwa sauti kubwa kidogo. Atakayekuita yule wa magonjwa, acha akuite. Mjomba wangu aliitwa Kiguru, yaani kilema wa mguu, maisha yake yote na alizikwa na watu wengi kuliko chifu. Zile tembe zinatuliza kujikuna, hazizimi moto wa tumboni. Usizifanye shuka la kufunikia.

Kikaango chako nimekifunga kwa gazeti, kiko kwenye begi upande wa chini. Ni kipya. Kile cha zamani, cha siku ya matokeo, nimekipeleka kwa fundi wa vyuma, sikutaka kukiona tena.

Jumatano nashuka Mwingi kutolewa damu. Daktari alinipa fomu nije nayo nimeijaza, na iko hapa mezani kando ya daftari lako. Juu wanataka jina, umri, kazi. Kazi nimeandika mpishi wa chapati, wacheke wakitaka. Chini kuna lile swali, limechapishwa kabisa: je, kuna mtu yeyote katika ukoo wako. Wameacha mstari mmoja mfupi, kama wanaojua kwamba wengi wataandika neno moja tu.

Nimeandika: Kilonzo, mdogo wangu, alikufa. Mwende, binti yangu, yuko chuoni Wote. Mstari haukutosha, ikabidi niendelee pembeni mwa karatasi.

Susu yako atakuwa amekuonyesha picha leo, nilimrudishia asubuhi. Kioo hakijawahi kuvunjika.

Babako,
Mutinda